Maua Asiyoyagusa Pongo

Msafiri atokaye Moshi kwenda Arusha, akifika Usa River, kiasi cha kilomita 20 kabla ya kuingia mjini, huona njia ichepukayo kulia kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Wengi huipita bila kuitazama, kwa kuwa mawazo yao yamekwisha kufika sokoni na stendi. Akatishaye hapo hupanda polepole baina ya migomba, kahawa na mahindi, Mlima Meru wenye mita 4,566 ukimsimamia upande wa kushoto, hata afike mahali ambapo shamba la mwisho la mwanakijiji linapakana na makazi ya wanyama. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Wanyama wake, hata hivyo, hawakupata kuarifiwa mpaka unapoishia.

Jua likishatua, pongo hutoka kichakani kwa hatua za tahadhari. Funo naye hutoka, na sungura, na penye vichaka vikavu digidigi, ambaye kimo chake hakizidi goti la mtu mzima. Hao hawana haja na kahawa. Hutafuta maharage, majani machanga ya viazi vitamu, na kwa mwenye bustani ya maua, mawaridi. Pongo apendavyo waridi! Huanza na kitumba, akafuatia jani jororo la nchani, na miiba haimzuii, kwani mdomo wake ni mwembamba na hujua pa kupenya. Asubuhi mwenye nyumba huamkia vijiti vitupu.

Afanyeje? Kutega mitego ni kosa: mnyamapori ni mali ya umma, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kama ile ya mwaka 1974 iliyoitangulia, hairuhusu kumwinda bila kibali. Uzio wa waya ni ghali, na pongo huruka vizuri. Linalobaki ni kupanda maua ambayo mnyama mwenyewe atayakataa.

Mnyama alaye majani hunusa kabla ya kung'ata, na hilo ndilo la kumshika nalo. Mrihani, ambao watu wa pwani huusokota vikuba, una harufu asiyoipenda. Kadhalika kivumbasi, rosemari, na marigoldi yenye maua ya njano na ya rangi ya chungwa. Ikipandwa pembezoni mwa kitalu, hupoteza hata harufu ya kile kilichomo ndani. Shubiri hujilinda kwa uchungu, nayo hutoa mashada mekundu penye mawe ambapo ua jingine lingekufa. Kuna na vinka, lile ua dogo la petali tano, jeupe au la waridi hafifu, lijiotealo hata mchangani. Asili yake ni Madagascar, na utomvu wake una sumu ambayo wataalamu wamepata kuigeuza dawa za saratani, ikiwamo ile ya damu inayowashika watoto. Mgonjwa huipata kwa kipimo cha hospitali. Jani lenyewe si chakula cha mtu wala cha mnyama.

Tatizo hili si letu peke yetu. Katika jimbo la New Jersey, Marekani, kulungu wa huko wamewasumbua wenye bustani kiasi kwamba Chuo Kikuu cha Rutgers kimeipanga mimea katika madaraja manne. Msomaji aangalie jambo moja: hata daraja la juu kabisa haliitwi "isiyoliwa", bali "huharibiwa kwa nadra". Mnyama mwenye njaa ya kiangazi hula alichokidharau wakati wa masika. Tena mche mchanga, uliotiwa mbolea na maji mengi, huwa laini na mtamu kuliko mama yake. Afadhali kupanda mvua zinapoanza, na kuuzungushia matawi ya miiba mpaka ukomae.

Sasa nifike kwenye oleanda. Wasomaji wa mijini wanaijua: majani marefu membamba, maua ya waridi au meupe, imejaa katika viwanja vya ofisi na kando ya barabara. Pongo hawaigusi, na kwa sababu hiyo watu huwashauri wageni wa kando ya hifadhi kuifanya uzio. Mimi naupinga ushauri huo. Sehemu zote za oleanda, tangu mzizi hadi ua, zina sumu inayoshambulia moyo, na jani likikauka sumu haitoki.

Mama mmoja aishiye upande huo alinieleza kwa maneno machache kuliko yangu. Kama majirani zake wengi, hana malisho; ng'ombe wake wawili wamo bandani, na kila jioni hukatiwa majani na kuletewa.

"Mama," nilimwuliza, "mbona hukupanda oleanda, na pongo wanaikimbia?"

"Mwanangu," akajibu, "pongo ana msitu mzima wa kuchagua. Ng'ombe wangu hula nilicholeta. Mtoto akitumwa majani jioni, giza linaingia, atajuaje amekata nini?"

Hata mnyaa, uzio wa kale wa vijiji vyetu, ameupanda mbali na njia ya watoto, maana maziwa yake yakiingia jichoni huweza kupofusha. Mbele ya nyumba ameweka marigoldi mistari miwili, mrihani mlangoni, na shubiri kwenye mawe. Waridi analo moja tu, uani, nyuma ya mlango wa mabati, na siku niliyopita lilikuwa na vitumba vitatu.