Kilimani Pamoja na Watu wa Redio

Redio nyumbani kwetu ni chombo cha kusikiliza tu. Twasikia habari na nyimbo, wala hatuwezi kumjibu anayesema. Lakini wako watu duniani ambao redio zao husikia na kujibu. Hawalipwi mshahara wala hawatangazi biashara. Wamefanya mtihani, serikali ikawapa leseni, na kila mmoja ana jina lake la hewani la herufi na tarakimu. Mwanzo wa jina hilo huonyesha nchi: 5H ni Tanzania, 5Z ni Kenya, 5X ni Uganda. Tuwaite wanaredio wa ridhaa.

Huko Marekani chama chao ni ARRL, kilichoanzishwa mwaka 1914 na Hiram Percy Maxim na Clarence Tuska. Makao yake yako Newington, katika jimbo la Connecticut. Mwaka 1933 chama hicho kilianza siku zinazoitwa Field Day, yaani siku za kutoka nje. Kila mwaka, Jumamosi na Jumapili kamili za nne za mwezi Juni, wanaredio huacha umeme wa nyumbani, huenda mashambani na vilimani, na kushindana ni kundi gani litaongea na vituo vingi zaidi.

Mwezi Juni 2023 nilikuwa Connecticut, mgeni wa parokia iliyo rafiki na yetu, nikaalikwa kupanda kilima kimoja kwenda kuwatazama. Nilikuta mahema matatu, meza za kukunja, jenereta ndogo na betri za gari. Mzee mmoja, fundi wa reli aliyestaafu, alikuwa na manati mkononi! Alifunga uzi wa kuvulia samaki kwenye chubwi, akalenga tawi la juu la mwaloni, akafyatua. Uzi ulipopita tawini, walivuta kamba, kisha wakapandisha waya wa mita 20. Waya huo ndio antena yao. Watoto wetu wangeiweza sana kazi hiyo.

Saa nane mchana shindano lilianza. Mtu huita, mwingine humjibu, wakapeana majina ya hewani, idadi ya mitambo, aina ya kituo na mahali kilipo, kisha kila mmoja huandika. Mazungumzo ya sauti huleta pointi moja, ya alama za Morse pointi mbili. Na hapa kuna busara: mwenye nguvu kidogo hupewa heshima kubwa. Anayetumia wati 5 tu, kwa betri au jua, pointi zake huzidishwa mara tano. Anayetumia hadi wati 100, mara mbili. Wenzangu hao walikuwa wa wati 100.

Basi usiku, kama saa nane, radi zikaanza kunguruma upande wa magharibi. Kiongozi wao, mama mmoja mwalimu, aliamuru kila waya uchomolewe redioni, na watu wote waingie ndani ya magari. Kijana mmoja alinung'unika, maana saa hiyo vituo vya mbali vilikuwa vikisikika vizuri, na kila dakika ilikuwa pointi. Yule mama alimjibu kwa upole kwamba wamekuja kujizoeza kuokoa watu, na hawawezi kuanza kwa kujiua wenyewe. Kijana akanyamaza. Mvua ilipiga saa moja na nusu. Ilipokwisha, hema moja lilikuwa limelala chini na waya mmoja umekatika. Waliuunga kwa mwanga wa tochi, nguo zikiwa zimelowa.

Kabla ya mapambazuko, msichana wa miaka 13, akisimamiwa na mwenye leseni, aliita kwa sauti ndogo. Akajibiwa kutoka kisiwa cha Puerto Rico. Wote walinyamaza kumsikiliza. Nikamwuliza yule mzee kwa nini kituo kimoja kiwafurahishe hivyo. Akanikumbusha tarehe 20 Septemba 2017, kimbunga Maria kilipokipiga kisiwa hicho. Umeme ulizimika kisiwa kizima, na simu karibu zote zikawa kimya. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba msaada, na ARRL ikapeleka wanaredio 22 wa kujitolea, wakapitisha ujumbe mahali pasipokuwa na njia nyingine. Kumbe mchezo huu ni mazoezi ya siku kama ile.

Jumapili haikusahauliwa. Wakatoliki wa kundi lile waligawana zamu: wengine Misa ya saa moja, wengine ya saa tano, na redio haikukosa mtu. Saa nane mchana walizima mitambo. Hawakujua wamekuwa wa ngapi, maana matokeo hutangazwa baada ya miezi kadhaa, lakini nyuso zao zilikuwa za furaha.

Wanaredio wengi Wakatoliki humheshimu Mtakatifu Maksimiliano Kolbe kuwa mwombezi wao. Padre huyo wa Poland alikuwa na kituo cha redio kilichoitwa SP3RN katika konventi yake ya Niepokalanów. Alikufa Auschwitz tarehe 14 Agosti 1941, akiwa amejitoa badala ya baba wa familia. Aliyejua kupeleka sauti mbali alijua pia kumsikia jirani aliaye karibu.

Nasi, ndugu zangu, tuliona mvua za Aprili na Mei 2024 zilivyobomoa barabara na madaraja katika Kenya na Tanzania. Simu ya mkononi ni njema, lakini mnara wake nao wahitaji umeme. Wanawali wenye busara waliweka mafuta mapema, si bwana arusi alipobisha. Wazazi, ongeeni jioni hii na watoto: simu zikinyamaza, familia itakutana wapi? Na katika jumuiya yenu, ni nani mwenye baiskeli atakayepeleka habari kwa mgonjwa, kwa mjane na kwa padre?