Alfajiri Kutoka Likoni Hadi Kisauni

Juma lililopita, mara baada ya sala ya alfajiri, tulivuka kivuko cha Likoni tukifuatana na mama mmoja jirani yetu na mwanawe wa miaka 27. Kwa idhini yao tunayaandika haya. Saa hiyo feri hujaa wafanyakazi, wachuuzi na watoto wa shule. Kijana alisimama pembeni, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, uso ameuelekeza baharini. Tulidhani ni baridi. Mamake akatunong'oneza: "Anaogopa kuonekana, sheikh. Humu mna watu aliosoma nao chuoni."

Safari yenyewe si ndefu. Ukishuka ng'ambo wapanda matatu, wakikata kisiwa, wavuka daraja la Nyali, wapita soko la Kongowea, na hatimaye wafika Kisauni, kwenye kliniki itoayo methadoni kwa walionaswa na unga. Ni dawa ya maji, hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku, nayo huizuia arosto siku nzima ili mtu aweze kula, kulala na kufikiri. Kenya ilianza kuitoa mwishoni mwa 2014, Nairobi, kisha ikafika pwani. Haiuzwi. Waendao kwa miguu hawalipi feri. Basi ni kitu gani kilichomzuia kijana huyu kwa miaka 4?

Tulimwuliza tukiwa tumekaa kwenye benchi. Akasema alikwisha kufika mlangoni mara mbili akarudi. Mara ya kwanza alimwona mtu wa mtaani kwao, akaingiwa na fedheha. Ya pili ilikuwa baada ya kufa babake. Siku ya mazishi yeye alikuwa maskani. Alipofika makaburini, udongo ulikuwa umekwisha kufukiwa na watu wanatawanyika. "Tangu hapo," alisema, "niliona kama sistahili kupona."

Kisha akaongeza, bila ya ukali: "Na ile khutba yako, sheikh, ulipotuita takataka za mtaa. Nilikuwa barazani nikikusikiliza."

Hatukuwa na jibu. Khutba ile tuliisoma wenyewe, na wengi walitupongeza. Tuliwasomesha watoto miaka mingi, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kisa cha mtu aliyeletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa sababu ya ulevi. Sahaba mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule alimpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu yake haikuondolewa, lakini mlango haukufungwa. Kisa tulikihifadhi, siku ya mimbari tukakisahau.

Katika foleni ile wanawake walikuwa wachache mno. Mmoja alikaa peke yake, ushungi umemfunika hadi machoni, na hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Binti anaswapo na unga, jamaa zake aghalabu humficha ndani ili jina la nyumba lisichafuke, na humo ndani huzidi kuangamia. Akina mama mnaosoma waraka huu mwayajua zaidi yetu.

Tulimwuliza mama alifanya nini mwaka huu asichokifanya zamani. Alisema aliacha kumwapiza. Kila usiku alimfunikia sahani ya chakula akaiweka mahali pake, hata siku asizorudi. Usiku mmoja kijana alikula, akakaa kimya, kisha akasema amechoka. Mama hakumhubiria wala hakungoja mwisho wa wiki. Alimwuliza tu: "Kesho nikuamshe saa ngapi?" Alijua kuwa hamu ile ya kutibiwa huja usiku na ikipata mchana mmoja wa arosto hutoweka.

Ijumaa ijayo zamu ya khutba ni yetu tena. Tulipokuwa tukirudi tulimwambia kijana kwamba twataka kuyarekebisha tuliyoyasema. Akatuomba tungoje kwanza atimize mwezi, asije akaanguka watu wakatucheka sote wawili.