Waifai Haishuki Duarani

Mdogo wangu anachimba dhahabu Nyarugusu, Geita. Pampu ikizima usiku, maji hujaa duarani na kuta hulowa. Kuta zilizolowa huporomoka. Anayegundua ni yule wa kwanza kushuka na kamba asubuhi.

Huku Shinyanga nikamtengenezea boya lililofungwa kwenye Arduino Uno. Uno ya kawaida haina waifai, kwa hiyo nikaongeza bodi ya ESP8266, ile ya Wachina iliyosambaa kuanzia 2014. Ni ndogo, ila ina ulafi: ikirusha mawimbi hula zaidi ya miliampia 150, na pini ya volti 3.3 ya Uno hutoa 50 tu. Nikaipa umeme wake yenyewe.

Waifai haipenyi mwamba. Basi waya ndio unaoshuka na boya. Bodi hubaki juu kwa mlinzi, ikitumia intaneti ya simu yake. Na bando likiisha? Hapo ndipo nilipokesha. Nikaiagiza bodi imtumie mdogo wangu neno “nipo” kila dakika 10.

“Kwa hiyo ikinyamaza nisishuke, kaka?”

“Usishuke.”

Akacheka. “Hayo kamwambie mwenye duara.”