Safari ya Mtumbwi katika Mto Nzoia

Vijana wengi wa Saboti na Kitale huujua Mto Nzoia kwa kuuvuka darajani tu, hasa pale Moi's Bridge, mahali palipoitwa zamani Hoey's Bridge. Huyaona maji yakipita taratibu, nao husema moyoni: laiti tungalikuwa na mtumbwi, tungalishuka hadi ziwani, tukivua samaki njiani. Tamaa hiyo ni njema, wala haifai kuivunja. Lakini maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Nzoia una urefu wa kilomita 257 hivi. Huanzia milima ya Cherangani, hupokea mito iteremkayo kutoka Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, kisha hupita Webuye, Mumias na Budalangi hadi Ziwa Victoria. Katika mwendo huo mrefu mto haukai na tabia moja. Pale Webuye huporomoka juu ya miamba, na hakuna fundi wa kafi awezaye kushindana na maporomoko yale. Basi mwanafunzi wa mtumbwi asitamani kuumaliza mto wote. Na achague kipande kifupi cha nchi tambarare, mbali chini ya maporomoko. Siku tatu zamtosha. Kwanza akipitie kwa miguu ukingoni, akiwauliza wenyeji palipo na mawe, magogo, mamba na viboko. Afadhali zaidi amchukue mmoja wao awe kiongozi, na amlipe ujira wake.

Siku ya kwanza iwe fupi kuliko zote, maana mikono isiyozoea kafi hutoka malengelenge upesi. Kila mtu, hata ajuaye kuogelea, avae jaketi la kuokolea maisha. Unga, chumvi, kiberiti na dawa vifungwe ndani ya mifuko isiyopitisha maji, na kila mzigo ufungwe kwa kamba mtumbwini. Chandarua kisisahauliwe, na maji ya kunywa yachemshwe. Mtu wa nyumbani aachiwe habari ya siku ya kurudi na mahali pa kushukia, ili wakichelewa watafutwe.

Majira yafaayo ni ya kiangazi, Desemba hadi Februari. Hata hivyo asiyejua mto hutazama mbingu iliyo juu ya kichwa chake, hali hatari hutoka mlimani. Jua laweza kuwaka Budalangi, na mvua iliyonyesha Elgon jana ikawa ingali njiani. Kwa hiyo kambi ipigwe mahali palipoinuka, kwa idhini ya mwenye shamba, na jioni kijiti kisimikwe ukingoni mwa maji. Ikiwa usiku maji yamekipita, au yamegeuka mazito yenye majani na matawi, safari na isimame. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwahamisha watu wengi Budalangi, nao ni watu waliozaliwa kando ya mto huo.

Kuhusu uvuvi, ndoana na chambo cha mnyoo vyatosha kumpata kambare. Kabla ya kutupa ndoana, msafiri aulize ofisi ya uvuvi ya kaunti habari za leseni. Yuko pia ningu, samaki wa ziwani apandaye mto wakati wa mvua ili kutaga mayai. Zamani alikuwa tele, na watu wa Nzoia walimtegea kwa mitego yao ya asili. Mwaka 1965 mtaalamu D. A. Cadwalladr aliandika jinsi ningu alivyopungua na ufundi ule wa kale ulivyodhoofika pamoja naye. Nyavu zilizotandazwa midomoni mwa mito zilimkamata kabla hajataga.

Kwa hiyo mvuvi mgeni akimpata ningu mwenye mayai, amrudishe majini. Chakula cha jioni kitapungua kidogo, lakini wajukuu wa wenyeji waliomwonyesha njia watapata kumjua samaki huyo.