Kutoka Machimbo ya Ruangwa Hadi kwa Kamba wa Pwani

Msomaji mpenzi, ukiitaja Nachingwea mbele ya wazee, watakukumbusha mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, kisha watakusimulia kambi ya wapiganaji wa FRELIMO. Ukiitaja Ruangwa mbele ya vijana, watakujibu Namungo, timu ya soka iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019. Hapana atakayekutajia kamba. Bahari iko mbali, na huku ni nchi ya mikorosho na ufuta.

Hata hivyo, yafuate maji. Kaskazini hupita mto Mbwemkuru, na kusini mto Lukuledi. Yote miwili huishia Bahari ya Hindi, Lukuledi ukiingia katika ghuba ya Lindi penye mikoko. Kinachooshwa huku bara hushuka nayo.

Na Ruangwa huoshwa dhahabu. Katika uchimbaji mdogo nchini mwetu, mawe husagwa kwa karasha, unga wake huoshwa mwaloni, kisha hutiwa zebaki ili ishike chembe za dhahabu. Donge lipatikanalo huchomwa. Zebaki hupaa kama moshi, dhahabu ikabaki. Aghalabu kazi hiyo hufanyika uani, watoto wakicheza kando, jambo ambalo peke yake lingetosha kutukosesha usingizi. Zebaki nyingine hubaki katika marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, ikingojea mvua.

Sasa tushuke pwani. Damu ya kamba na kaa haitumii chuma kama yetu. Hubeba hewa kwa shaba, ndiyo sababu ina rangi ya buluu. Kwao shaba ni riziki, lakini ikizidi huwa sumu: huharibu mashavu wanayopumulia na kuvuruga kadiri ya chumvi mwilini. Zebaki na kadimi hazina kazi yoyote miilini mwao. Mnyama huyu hujitetea kwa kuzifungia metali katika tezi iliyo sehemu ya kichwani, ifanyayo kazi ya ini, na nyingine huzitupa anapojivua gamba. Kwa hiyo kamba mkubwa aweza kuonekana mzima kabisa huku amebeba shehena. Mtoto wake hana nguvu hizo. Kiasi anachokistahimili mzazi chaweza kumwua kiluwiluwi, au kumdumaza.

Ubaya zaidi ni majira yenyewe. Watoto wa kamba hukulia kwenye mikoko, mahali maji ya mto yanapokutana na ya bahari. Chumvi ikipungua, kadimi na metali kadhaa nyingine hupenya miilini mwao kwa wepesi zaidi. Mvua za Desemba hadi Aprili huleta vyote kwa pamoja: maji ya mto, tope, na kilichomo topeni. Ndani ya tope hilo lisilo na hewa, vijidudu huigeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, iliyo kali zaidi, ambayo huingia katika nyama yenyewe na kupanda kutoka kwa uduvi hadi kwa samaki, na kutoka kwa samaki hadi mezani. Mama anayekata vichwa vya kamba amepunguza kadimi. Zebaki ya namna hii haiondoki kwa kisu, wala kwa moto wa jikoni.

Wajapani wa Minamata walianza kuyatambua hayo mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga zebaki katika ghuba yao. Walizaliwa watoto wenye ubongo ulioharibika, na mama zao wengine hawakuwa na dalili kubwa. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Unataka uchomaji wa donge katika makazi ya watu ukomeshwe, na vyombo vilivyofungwa vya kunasa mvuke wa zebaki vipo.

Nachingwea nayo ina Ntaka, kilima chenye nikeli na shaba, ambacho mgogoro wa leseni yake ulifika kwenye usuluhishi wa kimataifa na kuamuliwa mwaka 2023. Mawe ya aina hiyo yana salfa. Yakichimbuliwa na kupigwa na hewa na mvua, hutoa tindikali inayoyeyusha metali zake. Ikiwa siku moja mgodi utafunguliwa, mabaki yake yatahitaji bwawa madhubuti, na kikao kitakachoamua bwawa hilo likae wapi kiwaalike pia wavuvi wa pwani, ambao kamwe hawatakiona kilima chenyewe.