Doa la Kushoto

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Kule Rujewa, Mbeya, watu walifurika kutazama pete ya moto. Sisi Kerenge tulipata sehemu yetu tu, jua likamegwa mpaka likabaki kama mwezi mchanga. Miwani maalumu hatukuwa nayo. Mjomba akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki, akachomoa picha ya eksirei ya kifua chake mwenyewe, aliyopigwa miaka kadhaa nyuma alipoanguka na baiskeli. Akampa mwanangu mkasi. Ikakatwa vipande vinane, kila mtu na chake, nami nikalitazama jua kupitia mbavu za mjomba. (Sasa najua kwamba eksirei haikingi macho. Msije mkaiga.)

Miaka sita baadaye daktari mmoja jijini Dar es Salaam aliniuliza, "Mzee hana picha yoyote ya zamani ya kifua?" Nikakumbuka ule mkasi.

Nianze mwanzo. Mjomba wangu alifanya kazi korona. Wasomaji wa mjini wasishtuke, kwetu Korogwe korona ni kiwanda cha mkonge, na jina hilo lilitokana na mashine ya Kijerumani ya kusindika majani, karne nzima kabla ya ugonjwa kuja kulichukua. Alianza na kukata mkonge shambani, akapandishwa korona, akamalizia kwenye brashi, ambako singa kavu husuguliwa mpaka zing'ae na vumbi lake huelea chumbani kama ukungu wa milima ya Usambara asubuhi. Watafiti wamekwisha kuandika kwamba vumbi hilo huleta kikohozi. Wafanyakazi wenyewe walijua bila kuandikiwa. Juu ya vumbi aliongeza sigara, za kununua moja moja, mpaka alipoacha akiwa na miaka hamsini.

Kwa hiyo alipoanza kukohoa mwishoni mwa 2021 hakuna aliyeshtuka. "Kifua kinamsumbua," ndivyo mkaza mjomba alivyoniambia kwenye simu. Hili neno kifua nimelifikiria sana tangu siku ile. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, mtu mwenye mafua yaliyoshuka ana kifua. Mwenye pumu ana kifua. Mwenye TB ana kifua, ila kwake tunaongeza "kikuu" halafu tunashusha sauti. Ni neno lenye nafasi, magonjwa mengi hukaa humo bila kubanana. Na mtu akishasema "kifua" anaona ameshataja ugonjwa, kumbe ametaja mahali tu.

Makohozi yalipimwa mara mbili, vimelea havikuonekana. Lakini eksirei ilionyesha weupe juu ya pafu la kulia, na mahali penye TB nyingi weupe wa juu ya pafu husomwa hivyo kwanza. Akaanzishiwa dozi. Miezi sita alimeza vidonge bila kuruka hata siku moja, mkojo ukageuka rangi ya chungwa, kilo zikaendelea kupungua. Siku aliyomaliza dozi alitema damu.

Ndipo nikamfuata. Tukapanda basi Korogwe mjini, tukaenda kupiga skani ya CT. Majibu yalikuja kwenye karatasi moja na filamu kubwa mbili. Pafu la kulia juu: uvimbe wa sentimita nne na nusu. Pafu la kushoto: kinundu cha milimita tisa. Hitimisho lilikuwa kwamba inaelekea ni saratani ya pafu iliyokwisha kusambaa.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, na alikuwa mpole. Aliinua filamu dirishani, akatuonyesha doa dogo la kushoto kwa ncha ya kalamu. Uvimbe ungekuwa upande mmoja tu, alisema, tungezungumzia upasuaji. Ukishavuka kwenda pafu la pili, kisu hakina kazi. Akaniita pembeni. "Mrudisheni nyumbani mzee. Mpeni anachopenda kula."

Kila aliyeuguza Tanzania anaijua sentensi hiyo. Nilirudi kwenye benchi, mjomba akaniangalia, akauliza, "Amesemaje, mjomba?" (Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili.) Nikamwambia bado wanasoma picha. Haukuwa ukweli, ila siku kumi baadaye ukawa.

Mimi kazi yangu ni kusoma. Nahariri vitabu vya watu, na kwenye blogu hii nimebishana na wengi wenu juu ya maana ya ukurasa mmoja wa riwaya. Najua kwamba wasomaji wawili wanaweza kutoka kwenye aya moja na habari mbili. Lakini haikunijia kwamba picha ya mashine inaweza kusomwa vibaya. Niliichukulia kama jiwe. Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni rafiki niliyesoma naye, muuguzi, aliyeniuliza kwenye simu, "CD yake mmepewa?" Tulikuwa nayo, imelala chini ya bahasha. Akatuelekeza kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kifua hapa Dar.

Daktari huyo ni mama mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Filamu hakuzigusa. Aliweka CD kwenye kompyuta, akaanza kushuka ndani ya kifua cha mjomba kipande kwa kipande, kama mtu anayefunua kitabu. Alipofika kwenye doa la kushoto akasimama. Akabonyeza kitu, picha ikabadilika. Mapafu yote yakawa meusi tii, vitu laini vikawa vya kijivu, mifupa ikang'aa. Na lile doa likang'aa kama mifupa.

Akanieleza kwamba skani moja hutazamwa kwa madirisha tofauti. Dirisha la mapafu huonyesha vizuri hewa na mishipa midogo, lakini kila kilicho kigumu kidogo huonekana cheupe sawasawa. Filamu zetu zilichapishwa kwa dirisha hilo peke yake. Ukibadili dirisha ndipo unaona cheupe kipi ni nyama na kipi ni chokaa. Kinundu kilichojaa chokaa namna hii, alisema, mara nyingi sana ni kovu. Mwili ulipigana na kitu zamani, ukakijengea ukuta. Katika nchi yenye TB kama yetu makovu ya aina hiyo yamejaa vifuani mwa watu, wengi wao hawajui.

"Mara nyingi sana," alirudia, "lakini si zote." Ndipo akauliza kuhusu picha ya zamani. Doa lililokaa miaka bila kukua hujieleza lenyewe. Nikamsimulia habari ya kupatwa kwa jua. Alicheka, halafu hakucheka tena. Nilijaribu kukumbuka kama kwenye kipande changu palikuwa na doa. Sikuweza. Nilikuwa naangalia jua.

Akamgeukia mjomba. "Shikamoo tena, mzee wangu. Ujanani uliwahi kuugua kifua kikuu?"

"Hapana," alijibu mkaza mjomba.

Mjomba alikaa kimya. Nje mtu alikuwa akiita namba za wagonjwa. Kisha akasema, akitazama kofia yake aliyoishika magotini, "Mwaka themanini na moja. Nililazwa Kibong'oto."

Kibong'oto iko kule Siha, miteremko ya Kilimanjaro, hospitali ya wagonjwa wa TB tangu enzi za Waingereza. Mwaka 1981 mpango wa taifa wa kifua kikuu ulikuwa na miaka minne tu. Ulianza 1977, na mtaalamu mmoja wa Kicheki, Karel Styblo, akishirikiana na madaktari wetu, alikuwa akijenga humo utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa, utaratibu ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliuchukua na kuusambaza ulimwenguni. Mjomba hakuyajua hayo. Alijua sindano za kila asubuhi, baridi, na mlima uliokuwa ukionekana kabla watu hawajaamka.

Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda Moshi kukata miwa TPC. Posa yake ilikuwa imeshapelekwa. Aliogopa kwamba wakwe wakisikia TB watairudisha. Alipopona akarudi Kerenge na khanga doti mbili alizonunua Moshi kama ushahidi wa mshahara, akaoa, akazaa watoto watano, akafunga mdomo miaka arobaini na moja.

Mkaza mjomba hakusema neno pale ofisini. Kwenye daladala hakusema. Usiku, nyumbani kwangu Tabata, niliwasikia kupitia ukuta. "Kumbe zile khanga." Kimya kirefu. "Na mimi niliringia watu kwamba mume wangu amefika Moshi." Halafu nikasikia kitu ambacho mpaka leo sina hakika kama kilikuwa kilio au kicheko.

Siri ile ndiyo iliyomfungulia mlango wa chumba cha upasuaji. Picha peke yake haikutosha, na maneno peke yake yasingetosha. Jopo la madaktari lilikaa, likasoma doa la kushoto pamoja na habari ya Kibong'oto, likakubali kwamba ni kovu. Uvimbe wa kulia ulichomwa sindano ndefu, kikachukuliwa kinyama, patholojia wakajibu kwamba ni saratani. Vipimo vingine havikuonyesha kwamba imefika kichwani wala kwenye ini. Akapulizishwa kwenye mashine ya kupima pumzi. Kisha daktari akapanda naye ngazi za hospitali, ghorofa moja, ya pili, ya tatu, akimtazama midomo. Hakuna mashine inayoshinda ngazi, alisema.

Wiki ile ya kuchangishana fedha kwenye kundi la ukoo, usiku nilikuwa nikisoma habari za Evarts Graham, daktari wa Marekani ambaye mwaka 1933, mjini St. Louis, alitoa pafu zima la mgonjwa wa saratani, na mgonjwa akapona. Mgonjwa mwenyewe, James Gilmore, alikuwa daktari pia. Aliishi na pafu moja miaka thelathini. Graham, mvutaji sigara, mwaka 1950 alitoa na Ernst Wynder utafiti ulioihusisha sigara na saratani ya pafu. Yeye mwenyewe alifariki 1957, kwa saratani hiyo hiyo, iliyogunduliwa ikiwa imechelewa kukatwa. Mpasuaji akatangulia, mpasuliwaji akabaki. Sikumsimulia mjomba. Nilimsimulia nusu, ile ya Gilmore.

Alipasuliwa siku ya Jumanne. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Yeye ilibidi atolewe sehemu ya juu ya kulia. Kabla ya hapo nilidhani mtu hufunguliwa kifua kwa mbele. Walimlaza ubavu, wakapita katikati ya mbavu chini ya kwapa. Chini ya nusu kaputi mtaalamu wa usingizi hulilaza pafu moja ili lipasuliwe limetulia, huku lingine likipumua kwa niaba ya yote mawili. Kwa saa nne, basi, mjomba aliishi kwa pafu la kushoto, lile lenye doa, lile lililokuwa limesomwa kama hukumu yake.

Alitoka na mirija miwili ubavuni iliyoishia kwenye chupa za maji. Kila akikohoa viputo vilipanda. Alifundishwa kupuliza glovu za mpira ili mapafu yafunguke, na asubuhi ya tatu nilimkuta amezipanga glovu tano zilizojaa juu ya kabati, kama mikono inayotusalimu. Maumivu yalikuwa makali. Sitayapamba.

Kinyama cha mwisho kilionyesha kingo safi, lakini tezi moja ya ndani ya kifua ilikuwa na chembe za saratani. Dawa za dripu akazipata Ocean Road, pale ufukweni, kwenye hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Robert Koch, aliyekigundua kimelea cha TB mwaka 1882, aliwahi kufanya kazi Dar es Salaam enzi hizo. Nilimwambia mjomba. Akasema, "Basi huyo ananifahamu."

Yule daktari kijana wa kwanza simchukii. Alisoma alichopewa, dirisha moja, na mgonjwa ambaye hakuulizwa. Na angeulizwa siku ile, mbele ya mkewe, sijui kama angejibu. Ninachojilaumu ni siku kumi zangu. Siku kumi niliamini karatasi, mimi ambaye sijawahi kuliamini jalada la kitabu.

Mjomba yuko Kerenge. Huja kwa uchunguzi anapoitwa, na kila anapoitwa hatulali. Hapandi kilima bila kupumzika, na brashi anaitazama kwa mbali. Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona. Mpunga ulikuwa unachanua, na wajukuu walikuwa wakifunga CD za zamani kwenye nyuzi ili zimeremete na kufukuza ndege. Mmoja alitoka ndani na CD nyingine mkononi. Mkaza mjomba aliacha ungo, akakimbia, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, akamnyang'anya.

"Hii si ya ndege," alisema, akiifuta kwa upindo wa khanga. "Hii ni mjomba wenu." Akairudisha sandukuni, chini kabisa, kati ya nguo zake, akafunga kwa ufunguo.