Altezza ya umeme pale Ngara: nimepiga hesabu

Najua nimekuwa kimya. UE zilinibana, zikaisha, nikaenda BTP, na maandalio ya somo yakanimaliza kabisa. Sasa nimerudi chuo, boom bado halijaingia, kwa hiyo nimekaa zangu kimbweta na daftari la hesabu. Swali la leo ni hili: je, mtu wa kawaida, nyumbani kwake Ngara, anaweza kuchukua gari la petroli la kukimbia akaligeuza likawa la umeme? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo hili hapa, na lina hela za mtu ndani yake, someni taratibu.

Mwenye hela ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Ana Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono, ile yenye injini ya 3S-GE, zaidi ya farasi 200. Wengine mnazijua, zilitengenezwa 1998 hadi 2005, na kijana akipita nayo mtaani kila mtu anageuka. Sasa injini imenoki. Gari liko nyuma ya nyumba juu ya mawe, kuku wamehamia. Kaka ana hela ya kahawa ya msimu. Fundi anamshauri anunue injini nyingine ya mtumba, yeye ameona video za Wazungu wanatoa injini wanaweka mota ya umeme gereji kwao. Akaniambia, "Ticha, si unasoma Fizikia wewe? Nifanye au nisifanye?"

Kwanza niliwaambia pale nyumbani wasimcheke. Gari la umeme si kitu cha jana. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa kwenye gari, na gari lenyewe lilikuwa la betri. Hata Tesla Roadster ya 2008 ilianzia kwenye wazo la aina hii hii. Kampuni ndogo ya California, AC Propulsion, ilikuwa na kigari cha umeme kinaitwa tzero. Mwaka 2003 wakatoa betri zake za risasi wakaweka za lithiamu. Waliokuja kuanzisha Tesla wakakiona wakachanganyikiwa, wakaenda kutengeneza la kwao wakianzia kwenye Lotus Elise, kigari cha petroli cha Kiingereza. Betri yake ilikuwa na vijibetri 6,831 vya aina ile ile ya laptop. Yaani laptop unayodesea hapo ina ndugu zake mle ndani!

Na huku kwetu yapo. Makerere walitoa Kiira EV ya watu wawili mwaka 2011. Nairobi kampuni ya Opibus ilianza 2017, ikawa inatoa injini za dizeli kwenye Land Cruiser na Land Rover za watalii na kuweka mota. Serengeti nako Land Cruiser za umeme zimeshapita. Na Machi 2022 Masoud Kipanya, huyu huyu mchora katuni, alionyesha Dar gari la umeme alilotengeneza na vijana wake. Kwa hiyo kaka si kichaa.

Haya, kazi yenyewe ikoje? Unatoa injini, tenki, ekzosi na rejeta. Giaboksi unaweza kuiacha, ila inabidi mkereza vyuma akuchongee bamba la kuunganisha mota na giaboksi, na likipishana kidogo tu beringi zinakufa. Kisha unahitaji mota, inveta ya kuiendesha, betri kubwa, chaja, na kifaa cha kulinda kila kijibetri kisizidishiwe wala kukaushwa. Halafu kuna mambo madogo ambayo video huwa zinayapita haraka. Breki za Altezza zinasaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Ukitoa injini, unakanyaga pedali ngumu kama jiwe mpaka uweke pampu ya umeme. Stelingi nayo inasukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Taa na honi zinataka volti 12, na hakuna tena altaneta. Kila kimoja kina dawa, ila kila dawa ina bei.

Lakini hayo yote ni madogo. Kesi yenyewe iko kwenye betri.

Lita moja ya petroli ina nishati kama yuniti 9 za umeme. Ukijaza lita 40 una yuniti 360. Injini inapoteza karibu robo tatu kwa joto, kwa hiyo kwenye matairi zinafika 90 hivi. Sasa chukua betri ya Nissan Leaf ya kwanza, ambayo wageuza magari wengi wanaikimbilia kwa sababu inapatikana kwenye magari yaliyogongwa. Ikiwa mpya ni yuniti 24, uzito karibu kilo 300. Mota haipotezi sana, tuseme zinafika 20. Kwa hiyo betri ya kilo 300, mpya, ni sawa na kuingia barabarani na lita 9 tu za petroli.

Na kaka hatapata mpya. Nikachukua ya mtumba iliyobaki na asilimia 70, yaani yuniti 17. Ukiacha mbili za akiba unabaki na 15. Altezza yenye betri naiweka kilo 1,500, kila kilomita inakula yuniti 0.2. Jibu ni kilomita 75. Hapo hujawasha muziki wala hujashindana na mtu!

Sasa wekeni hizo 75 kwenye barabara zetu. Kipande cha Lusahunga mpaka Rusumo peke yake ni kilomita 92. Mtu wa Ngara anayekwenda Biharamulo anapita Benaco, Nyakahura, Lusahunga, ndipo anakata kwenda mjini. Atakwama porini katikati ya malori ya Kigali na Bujumbura, na hakuna wa kumuuzia umeme kwenye kidumu. Na milima yetu mnaijua. Kupanda mita 300 tu kwa gari la kilo 1,500 kunakula yuniti 1.2, sawa na kilomita 6 za tambarare. Ukishuka, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu yake, hilo ndilo zuri la umeme, ila haikurudishii yote.

Ndiyo maana mradi kama wa Land Cruiser za watalii unaingia akilini. Gari linajulikana litazunguka wapi, na jioni linarudi kambini kulala kwenye chaja. Ukitaka kujua kama gari linafaa kugeuzwa, anza kuuliza linalala wapi, mwendo kasi baadaye.

Tuje kwenye hela. LUKU ya 10,000 kwa tarifu ya kawaida inatoa yuniti 28 hivi, tuache makato ya kodi ya jengo. Ukihesabu na upotevu wa chaja, hizo zinampeleka kaka kama kilomita 120. Petroli ya 10,000, lita ikicheza kwenye elfu tatu, inampeleka kilomita 33. Hapo kaka alipiga makofi. Nikamwambia subiri. Kila kilomita unaokoa kama shilingi 220. Maana yake kila milioni 1 utakayotumia kwenye betri na mota inarudi baada ya kilomita 4,500. Wewe Altezza unaitoa wikiendi, kilomita 40 ikizidi sana. Ni zaidi ya wiki 110 kwa kila milioni, na hili zoezi si la milioni moja wala mbili. Makofi yakaisha.

Kuna kitu kingine hakimo kwenye video yoyote. Nyumba ni ya mama mkubwa, na mita yake iko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi, mwisho yuniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi ni 350. Kuchaji hiyo betri kunakula kama yuniti 17. Mara 5 tu kwa mwezi ni 85. Kikomo kimepita na bado taa, redio na pasi hazijahesabiwa. Yaani kijana anaendesha Altezza, bili analipa mama. Nikamwambia kaka, kama utafanya, weka mita yako mwenyewe. Hapo hatukubishana.

Na kuna kifo, tuseme wazi. Fundi wetu wa umeme wa magari akitaka kujua kama waya una moto, anagusisha nyaya mbili aone cheche. Kwa volti 12 anatoka salama. Betri ya Leaf ni volti 360 na ushee, tena umeme mnyoofu, ambao cheche yake ikishika haikatiki kirahisi kama wa ukutani. Ukizima gari, bado inveta inabaki na chaji kwenye kapasita zake. Watu wa kazi hii wanachomoa plagi ya usalama, wanasubiri dakika 10, wanapima kwa mita, na wanavaa glavu za volti 1,000. Pale gereji nilikuta glavu moja, ya kushikia sufuria ya chai. Mimi hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Kilomita 75 unaweza kuzivumilia.

Sasa wengine mtasema ticha umekuwa mkatisha tamaa. Hapana. Kinachoniuma ni kwamba sehemu yetu ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza. Angalieni. Zamani Biharamulo na Ngara tuliwashiwa umeme na majenereta ya dizeli. Gari la umeme wakati ule lingekuwa gari la dizeli lililojificha. Leo Rusumo, pale pale kwetu kwenye mto Kagera, kuna mitambo mitatu ya megawati 80 iliyoanza kazi kati ya 2023 na 2024, tunagawana na Rwanda na Burundi, na laini ya kilovolti 220 inakwenda Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo. Umeme ni wa maji. Na Kabanga, huko huko Ngara, kuna nikeli iliyogunduliwa miaka ya 1970. Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano, ikaundwa Tembo Nickel, serikali ina asilimia 16, na mpango wa kusafisha madini ukawekwa Kahama. Nikeli inaingia kwenye betri nyingi za magari.

Ila tusijidanganye, si kwenye zote. Betri za chuma na fosfeti, ambazo Wachina wanazitengeneza kwa wingi na kwa bei ya chini, hazina nikeli hata punje. Kwa hiyo kuwa na jiwe chini ya kijiji hakukupi gari. Unaweza kukaa juu ya nikeli na kando ya maporomoko ukaendelea kununua betri iliyochoka kutoka gari lililogongwa ng'ambo.

Ushauri niliompa kaka ni huu. Altezza iache ilivyo, ifunike turubai, kuku wahamishwe. Anza na pikipiki. Bodaboda inatembea mjini, inarudi kituoni, betri yake ni ndogo, na volti 60 au 72 zinafundisha adabu bila kuua kirahisi kama 360. Tukiweka kilomita 100 kwa siku, bodaboda inaokoa kama 6,000, milioni inarudi ndani ya siku 170. Hao hao Opibus, ambao tangu 2022 wanaitwa Roam, nguvu zao wamezihamishia kwenye pikipiki na mabasi. Na ng'ambo ya daraja la Rusumo, Kigali, Ampersand wanabadilishia bodaboda betri tangu 2019, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya petroli ya kubeba abiria haisajiliwi tena pale. Nauli ya kwenda kuangalia ni ndogo kuliko bei ya inveta. Kaka akanijibu, "Ninyi wasomi mnajua hesabu, ila gari hamna." Kweli, sina. Ila hela ya kahawa bado ipo mfukoni kwake.

Wana BSc Ed wenzangu, hili nawaachia ninyi. Mwakani wengi wetu tutakuwa madarasani tunafundisha nishati na sumakuumeme kwa mifano ya vitabuni, wakati Rusumo inazunguka na kuna mtoto wa Kidato cha Tatu pale Ngara ambaye kaka yake anataka kushika volti 360 kwa mkono mtupu. Mimi nimeshaandika maandalio ya somo hilo, vipindi viwili: kimoja cha lita 9, kingine cha dakika 10 za kusubiri. Anayeyataka anipate kimbweta cha nyuma ya maktaba, kesho baada ya saa 10 jioni. Aje na kalkuleta yake, yangu betri imekufa.